Kumchagulia Mwenzi Kamera ya Filamu



Leo twakusudia kunena nanyi habari za kumchagulia mwenzi kamera. Hatusemi kamera iliyomo ndani ya simu, bali kamera ya filamu, ile ya zamani, ambayo mwenye kuitumia huzungusha pete ya lenzi kwa vidole vyake mpaka sura anayoitazama itoke katika ukungu na kutulia, kisha ndipo apige. Huenda wako watakaodhani ya kuwa jambo hili ni dogo. Tunawaomba watusikilize kwanza.

Swali tumeletewa na bwana mmoja wa Tingi, katika Wilaya ya Nyasa, upande wa milima inayoshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Bwana huyu analima kahawa, na mkewe ni mwalimu. Atuambia ya kuwa simu ya mama watoto wake ilianguka ziwani wakati wa kushuka mtumbwini, na picha za miaka saba zikazama pamoja nayo, zikiwamo picha zote za mama yake mzazi. Mama huyo alipofariki, picha iliyowekwa mezani siku ya ibada ilikuwa imekuzwa kutoka katika kitambulisho cha kupigia kura, nayo, asema, haikufanana naye hata kidogo. Tangu siku hiyo mkewe amekuwa akisema kwamba ataka kamera ya filamu, apate kitu cha kushika mkononi na kuweka sandukuni. Sasa kahawa imeuzwa, fedha kidogo imetengwa, naye bwana atuuliza mambo matatu: anunue kamera gani, anunue lenzi gani, na je, ainunue kwa siri ili amfurahishe mkewe kwa ghafula?

Na tuanze na swali la mwisho, maana majibu ya yale mengine yamo ndani yake. Asiinunue kwa siri. Mpini wa jembe hupimwa kwa mikono ya mwenye kulima, wala hakuna mtu amnunuliaye mwenziwe viatu pasipo kujua mguu wake. Kamera ya namna hii ni chombo cha mkono na cha jicho, nayo ikiwa haikumfaa mwenye kuishika, italala kabatini baada ya miezi miwili, na kila atakapoiona atakumbuka fedha iliyopotea. Tena tumeona mara nyingi ya kuwa wanaume wakinunua vyombo vya namna hii hununua vile wanavyovitamani wao wenyewe, vyenye namba nyingi na vifungo vingi, kisha humpa mke na kusema, “Nimekuletea zawadi.” Zawadi hiyo ni ya nani?

Basi yampasa bwana huyu amwambie mkewe mapema, na siku ya kuitazama kamera waende wote wawili. Ikiwa yaletwa na mtu kutoka mbali, na wapatane na mwenye kuuza kwamba fedha italipwa baada ya mama kuishika na kuitazama.

Akiisha kuishika, atazame nini? Kwanza uzito. Kamera hii itatundikwa shingoni au kutiwa mkobani pamoja na madaftari, nayo itapanda na kushuka milima ya Umatengo. Olympus OM-1, iliyotoka Japani mwaka 1972, ni ndogo na nyepesi, kama gramu 510 bila lenzi. Pentax K1000 ina kama gramu 620. Zenit-E ya Urusi pamoja na lenzi yake ya Helios hukaribia kilo 1, nayo ni chombo kigumu kweli kweli, walakini mwenye shingo nyembamba ataijua siku ya kwanza. Tofauti ya gramu 100 au 200 yaonekana si kitu mezani. Baada ya mwendo wa saa mbili ni kitu kikubwa.

Pili jicho, na hapa twataka kukaa kidogo. Watu wengi huchungulia kwa jicho la kulia, lakini wako wachunguliao kwa jicho la kushoto, nao wenyewe aghalabu hawajui mpaka wapewe kamera. Mwenye jicho la kushoto akishika Nikon FM2 atapata udhia, kwa kuwa mkono wa kuvuta filamu katika kamera hiyo hauna budi kuvutwa nje kidogo ndipo kipimo cha mwanga kiamke, na ncha yake humchoma usoni. Kamera ni njema sana, lakini uso huo haukuiagiza.

Tena kuna umri wa macho. Katika kamera nyingi za namna hii, mtu achunguliapo kitunduni, jicho lake hufanya kazi kana kwamba latazama kitu kilicho mbali naye kama meta 1. Kijana hana shida. Lakini mtu aliyepita miaka 40, ambaye ameanza kuyasogeza mbali madaftari ili asome, huenda akaona picha yote ina ukungu hata lenzi ikiwa imelengwa sawasawa, akadhani kamera ni mbovu. Viko vioo vidogo vya kusahihisha macho vinavyotiwa penye kitundu hicho, lakini kila aina ya kamera ina vyake, na kuvipata si kazi rahisi. Basi njia ya kupima ni hii. Mama na aielekeze kamera kwenye ukingo wa mlango uliosimama wima. Katika kamera nyingi, katikati ya kioo mna duara dogo lililokatwa nusu mbili. Ukingo wa mlango utaonekana umevunjika, nusu huku na nusu huku. Na azungushe pete ya lenzi mpaka nusu hizo zikutane na mlango uwe mmoja. Ikiwa afanya hivyo upesi na bila kukunja uso, kamera hiyo inamfaa. Ikiwa asita na kubahatisha, na aiache, hata kama bei yake ni nzuri.

Sasa tuzitaje kamera zenyewe. Ziko nyingi, wala hatutazimaliza. Jambo kubwa la kuuliza ni hili: betri ikifa, je, kamera inafanya kazi? Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni kamera maarufu na picha zake ni nzuri, lakini pazia lake huendeshwa kwa umeme. Betri yake ya volti 6 ikiisha, kamera nzima hulala. Mtu aliye Dar es Salaam atavuka barabara na kununua nyingine. Mtu aliye Tingi atangoja mpaka apatikane msafiri. K1000, FM2, OM-1 na Zenit-E mapazia yao huendeshwa kwa springi na magurudumu, wala hayahitaji betri. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu, na Zenit-E haihitaji hata hiyo, kwa sababu kipimo chake hupata nguvu katika mwanga wenyewe. Betri ya K1000 ni ile ndogo kama kifungo, ambayo fundi saa anayo. OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo zimekwisha kupigwa marufuku. Watu hutumia badala yake betri za vifaa vya kusaidia masikio, ambazo hudumu muda mfupi.

Kwa mama huyu wa Tingi, sisi tungeanza kwa kumwonyesha Pentax K1000. Ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hata 1997, miaka 21, tena hasa kwa wanafunzi. Kwa hiyo ziko nyingi duniani na mafundi wengi wanaijua. Haina jambo la ziada. Ina pete ya kulengea, pete ya tundu la lenzi, gurudumu la mwendo wa pazia, na sindano moja ndani ya kitundu inayopanda na kushuka kadiri ya mwanga. Haina swichi ya kuzima kipimo, basi kila akiisha kupiga na afunike lenzi kwa kifuniko chake, la sivyo betri itakwisha bure. Ikiwa macho yake hupata shida jioni, FM2 ina faida moja, nayo ni kwamba badala ya sindano ina vitaa vidogo vyekundu vinavyoonekana hata gizani. FM2 ilitoka mwaka 1982, na bei yake kwa kawaida yapita ya K1000. Huenda msikilizaji mmoja akauliza habari za kamera mpya kabisa. Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, iitwayo Pentax 17, ambayo hupata picha 72 katika filamu ya picha 36. Lakini hiyo yahitaji betri, na lenzi yake haitoki. Kwa mama aliyekwisha kuona chombo cha umeme kikizama na picha zake, tungemnunulia ile ya zamani.

Na tuingie katika lenzi, ambako fedha nyingi hupotea.

Wauzaji hupenda kuuza lenzi ndefu. Huonekana ya maana, na mtu akiitazama adhani ataweza kumpiga picha kiboko toka ng'ambo ya mto. Lenzi ya milimeta 135 haikubali kulenga kitu kilicho karibu kuliko kama meta 1 na nusu, nayo hutetemeka mkononi, hata ni lazima mwendo wa pazia uwe 1/125 ya sekunde au zaidi. Ndani ya nyumba haina kazi. Ziko pia lenzi za zamani zinazorefuka na kufupika, nazo watu huzisifu kwamba moja ni kama tatu. Lakini nyingi ni nzito, na tundu lake kubwa kabisa aghalabu ni 3.5 au dogo zaidi.

Lenzi ya milimeta 50 yenye tundu la 1.8 au 2 ndiyo iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera hizi tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo ni rahisi kupatikana, na kwa sababu hiyo hiyo watu huidharau. Tundu la 1.8 huingiza mwanga karibu mara nne ya tundu la 3.5. Maana yake kwa mtu wa Tingi ni hii: bibi ameketi mlangoni, akichambua mboga, nusu mwangani na nusu kivulini, kwa filamu ya namba 400, tundu 1.8 na mwendo 1/60, picha yake itapatikana bila taa yoyote. Kwa tundu la 3.5 ni lazima kumwambia bibi asogee nje juani, naye akiisha kusogea ataketi kama mtu aliyeitwa barazani kwa mkuu wa wilaya, na ile sura iliyotakiwa imekwisha kwenda zake.

Walakini tundu kubwa lina deni lake. Kwa lenzi ya 50, tundu 1.8, mtu akiwa mbali meta 1 na nusu, kina cha mahali panapoonekana wazi ni kama sentimeta 10 tu. Macho yakilengwa, masikio huingia ukunguni. Tundu likifungwa hata 8, kina hicho hufika kama sentimeta 40. Mama akijua hesabu hii moja, atakuwa amejua nusu ya kazi. Na juani, ziwani, afunge hata 16, alenge kwenye meta 5 na aiache pete hapo. Kila kilicho mbele yake kutoka kama meta 2 na nusu hata upeo wa macho kitatoka wazi, naye hana haja ya kulenga tena. Mitumbwi ikitua na samaki kupakuliwa, mambo huenda mbio, nani ana nafasi ya kuzungusha pete?

Neno moja la tahadhari kwa wenye Nikon. Lenzi za Nikon zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977, zisizobadilishwa pete yake, zisitiwe katika FM2 kwa nguvu, zitaumiza kamera. Wala lenzi ya Nikon haiingii katika Pentax. Kwa hiyo mtu asinunue lenzi sokoni kwa kuwa ni rahisi, kisha aanze kuitafutia kamera.

Sasa tumefika penye jambo ambalo twaliona kubwa kuliko yote tuliyoyasema, nalo ni nyuso.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui mtu wala nguo. Chadhani kila kilicho mbele yake ni rangi ya majivu, nacho huamuru mwanga kwa dhana hiyo. Mpelekee wanaume wacheza mganda waliovaa nyeupe tupu, au mama aliyesimama pwani ya Mbamba Bay na nyuma yake ziwa linang'aa kama bati jipya, nacho kitaona weupe mwingi, kipunguze mwanga, na nyuso za watu zitatoka nyeusi bila macho wala tabasamu. Ziko picha za namna hii katika kila sanduku la familia. Ukumbi unaonekana, shela inaonekana hata uzi wake, bibi arusi haonekani. Watu husema, “Picha iliungua,” au humlaumu mpigaji kwamba hajui kazi.

Sehemu ya lawama ilikuwa ya filamu za rangi zenyewe na ya maduka ya kusafishia. Kwa miaka mingi katika karne ya 20 maduka hayo yalipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, nayo kadi ikaitwa Shirley. Picha ikiwa imempendeza Shirley, ilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Filamu za siku hizi ni bora zaidi, lakini kipimo kilicho ndani ya kamera za zamani ni kile kile, hakikubadilika.

Dawa yake ni rahisi, na haina gharama. Mama na anyoshe kiganja chake mwenyewe katika mwanga ule ule unaompiga mtu usoni, akisogeze kipimo kiganjani mpaka kijaze kitundu, asome, kisha afungue tundu hatua moja zaidi: ikiwa kipimo kimesema 8, apige kwa 5.6. Kiganja cha mwafrika na kiganja cha mzungu havitofautiani sana kwa wepesi wa rangi, ndiyo sababu hufaa kuwa kipimo, tena mtu hawezi kukisahau nyumbani. Na mtu akiwa amelipa ziwa mgongo, ama ageuzwe, ama aletwe chini ya mwembe ambako mwanga ni mpole. Filamu, hasa ya rangi nyeusi na nyeupe, husamehe mwanga uliozidi kuliko mwanga uliopungua; kwa hiyo akiwa na shaka, aongeze.

Hata betri ikifa, kuna kanuni ya wazee wa kazi hii: jua likiwa kali na anga ni safi, tundu liwe 16, na mwendo uwe karibu na namba ya filamu. Kwa filamu ya 400 mwendo ni 1/500, na kwa filamu ya 100 ni 1/125. Wakati wa kiangazi, mwambao wa Nyasa una siku nyingi za kanuni hii.

Kamera hizi zote tulizozisifu ni za mkono wa pili, basi hatuna budi kusema jinsi ya kuzikagua. Yafaa kwenda na kurunzi. Lenzi itolewe, tundu lifunguliwe kabisa, kurunzi imulikwe kutoka nyuma: kama ndani mna nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa kuvu, na ugonjwa huo hupenda nchi za unyevu kama mwambao wa ziwa, asinunue. Vumbi kidogo si kitu. Kisha mgongo wa kamera ufunguliwe, na mlango wake ukaguliwe penye sifongo nyeusi: ikiwa imekuwa kama lami ya kunata, mwanga utaingia, lakini fundi aweza kuibadilisha kwa gharama ndogo, basi hiyo ni sababu ya kupunguza bei tu. Gurudumu la mwendo litiwe sekunde 1, kamera ipigwe, na sikio lihesabu. Ikiwa sekunde 1 imekuwa 2, au pazia limekwama njiani, mafuta yamekauka. Mwisho kifuniko cha betri kifunguliwe. Kutu ya kijani humo ndani yaonyesha betri iliyovuja, na kipimo huenda hakitafanya kazi tena. Nyumba nyingi za waliokuwa wapiga picha wa studio, Songea na kwingineko, zina kamera kama hizi zilizofungiwa tangu simu zilipoingia. Yafaa kuuliza huko kabla ya kuagiza ng'ambo.

Habari za fedha. Bwana huyu ana kiasi fulani alichokitenga, na moyo wake, kama mioyo ya wanaume wengi, utamwambia akimalize chote katika kamera. Twamwomba akigawe nusu kwa nusu: nusu ya kamera na lenzi yake moja, nusu ya filamu na ya kusafishia. Filamu siku hizi haikai katika kila duka kama zamani ilipokaa pamoja na betri za redio. Yaagizwa, na bei yake si ndogo. Kamera nzuri isiyo na filamu ni kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Filamu kumi za mwanzo ni zawadi kubwa kuliko lenzi ya pili. Na ziwe filamu za rangi nyeusi na nyeupe, mathalani Ilford HP5 Plus ya namba 400, kwa kuwa hizo mtu aweza kuzisafisha mwenyewe nyumbani. Yatakiwa mfuko mweusi wa kutilia mikono, tangi dogo lisilopitisha mwanga, kipimajoto na dawa mbili tatu. Dawa ya kwanza, kama ni ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi, yahitaji dakika 7 na nusu katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Mtu wa pwani ya ziwa itampasa kupoza maji yake. Mtu wa Tingi, asubuhi ya mwezi wa Juni, itampasa kuyapasha moto. Mwalimu aliyezoea kufundisha sayansi kwa vifaa haba hataona jambo hili kuwa gumu, nasi twadhani watoto wa shule watajazana dirishani kuona filamu ikitoka tangini na watu ndani yake.

Msafiri aletaye filamu kwa ndege asiitie katika mzigo mkubwa, maana mashine za kuchunguza mizigo hiyo huichoma; na aichukue mkononi, na penye mashine mpya zenye nguvu aombe ikaguliwe kwa mkono.

Wala filamu si hirizi. Picha huliwa na mchwa, huungua moto, hunyeshewa paa likivuja. Faida yake ni kwamba imesimama peke yake, haihitaji nywila wala chaji, na mtu aweza kuinua negativu dirishani na kuona ni nani. Mjini Zanzibar, Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha alizozipiga za watu na mitaa ya Mji Mkongwe zimetazamwa na watu wa karne hii, wengi wao wakiwa hawakuzaliwa alipozipiga. Mama na azitie negativu zake katika bahasha za karatasi, si za nailoni, bahasha zikae katika bati lenye kifuniko, mbali na sakafu, na tena azipige kwa simu mpya ili nakala iwe mahali pa pili. Kamera yenyewe isikae ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa miezi yote ya masika, maana ngozi hukusanya kuvu. Iwekwe mahali penye hewa, na lenzi ipate mwanga mara kwa mara.

Na picha zikiisha kuchapwa karatasini, nyuma ya kila moja aandike kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino ambayo hupenya upande wa pili: majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, jina la kijiji, mwezi na mwaka. Aanze na wazee ambao bado wapo, na awaulize wenyewe majina yao yote, hata yale ya utotoni, kabla ya kuandika.